Sanduku Lililosubiri Kupangiwa

Kule Mkunya siku huanza na ndoo. Uwanda wa juu una upepo mzuri na mikorosho mingi, lakini maji yako mbali. Bomba likitoa, wanawake huimba. Bomba likigoma, hushuka bondeni, na wakipanda na ndoo kichwani hakuna mwenye pumzi ya kuimba.

Mwalimu Dorika naye alikuwa na ndoo yake. Kila alfajiri alikwenda kuchota pamoja na jirani yake, Bi Mwanne. Akirudi alipika uji, akavaa gauni lake la kazi, akaenda kufundisha. Alikuwa mwalimu wa ushonaji katika kituo cha ufundi, nje kidogo ya kijiji. Kituo kiliendeshwa kwa msaada wa wafadhili wa ng'ambo. Wasichana waliomaliza darasa la saba walikwenda pale kujifunza kupima, kukata na kushona. Wavulana walijifunza useremala kwa Mwalimu Erasto.

Mume wa Dorika aliitwa Yeremia. Alikuwa mkulima wa korosho. Binti yao, Salome, alikuwa bado shule ya msingi.

Kijijini hakuna aliyemwita Dorika kwa jina tu. Alikuwa Mwalimu. Hata kwenye foleni ya maji watu walisema, "Mpisheni Mwalimu, atachelewa kipindi." Naye alipishwa.

Basi ule ulikuwa wakati wa ruksa. Biashara zilifunguliwa. Wanunuzi binafsi wa korosho walipanda uwandani na malori yao. Na mitumba nayo ikapanda. Siku ya gulio marobota yalifunguliwa chini, kwenye turubai, na watu waliinama juu yake kama kuku kwenye mtama. Mtu aliyekuwa akishonesha gauni kwa ajili ya sikukuu, sasa alijichagulia lililokwisha kushonwa.

Darasa la Dorika likaanza kupwaya. Mzazi mmoja alimwambia bila kuficha, "Mwalimu, mwanangu ajifunze kushona, amshonee nani? Nguo zinakuja zimeshashonwa."

Dorika aliichukia mitumba kama mkulima anavyomchukia nguruwe pori.

Mwezi wa sita, mkuu wa kituo alimwita ofisini. Alikuwa mtu mpole. Alizunguka kidogo na maneno, kisha akasema, "Mwalimu, wafadhili wamepunguza msaada. Useremala utabaki. Ushonaji unafungwa. Umepunguzwa. Si kwa kosa. Kazi yako ilikuwa nzuri, na mimi ni shahidi."

Dorika alirudi nyumbani, akapitiliza hadi shambani. Yeremia alikuwa anapalilia chini ya mikorosho.

"Baba Salome, nimepunguzwa kazi."

Yeremia alisimamisha jembe. Mwaka ule bwana shamba alikuwa amepita kijiji kizima, akifundisha watu kupunguza mikorosho iliyobanana. "Umepunguzwa?" aliuliza. "Bwana shamba anasema unapunguzwa ule usiozaa."

"Mimi nilikuwa nazaa!" Dorika alisema, sauti ikamkatika.

Yeremia aliona amekosea. Alitupa jembe, akamshika mkewe bega. "Samahani, Mama Salome. Ulimi huu. Usihofu. Mwalimu ni mwalimu. Watakupangia kwingine."

Neno hilo, kupangiwa, lilimtuliza Dorika. Alilijua. Zamani zile mwalimu hakutafuta kazi, kazi ndiyo iliyomtafuta. Uliambiwa, "Umepangiwa kituo fulani," ukafunga sanduku lako, ukapanda gari. Dorika mwenyewe, mzaliwa wa Kitangari, alipomaliza mafunzo, mkuu wa chuo alimnyooshea kidole tu: "Wewe utakwenda Mkunya." Akaja Mkunya. Hakuwahi kuomba kazi maishani mwake.

Kwa hiyo alifanya anachofanya mwalimu. Alifunga sanduku. Lilikuwa sanduku la bati, la buluu. Alitia ndani magauni yake yote mazuri, viatu, mkasi, futi ya kupimia na cheti chake. Akabaki na kanga za nyumbani. Sanduku akaliweka karibu na mlango, ili gari likija lisichelewe.

Kisha akaenda Newala, ofisi ya elimu. Ofisa alimsikiliza vizuri. "Mama," alisema, "wewe hukuwa mwajiriwa wetu. Kile ni kituo cha wafadhili. Hatuna pa kukupangia."

"Kwa sasa?" Dorika aliuliza.

"Hatuna, mama."

Dorika alisikia "kwa sasa." Mwezi uliofuata alirudi, akakaa kwenye benchi. Mwezi mwingine tena akarudi. Ofisa alichoka kueleza, akawa anamsalimia tu.

Mikorosho ikachanua. Harufu ya maua yake ikajaa kijiji. Sanduku lilikuwa palepale mlangoni. Salome alijikwaa. Yeremia alijikwaa, akatukana kimoyomoyo. Kuku mmoja wa madoa akaona ni mahali pazuri, akataga juu yake.

Watu wakimuuliza, Dorika alijibu, "Niko likizo. Nasubiri kupangiwa." Lakini kwenye foleni ya maji waliendelea na wema wao: "Mpisheni Mwalimu, atachelewa kipindi." Kipindi hakikuwapo. Neno hilo likawa linamchoma. Akaacha kwenda alfajiri. Akawa anakwenda saa za jua kali, peke yake, wakati bombani hakuna mtu.

Siku moja ya gulio, mikorosho imeanza kudondosha, baiskeli iliegeshwa uani. Ilikuwa imebeba furushi kubwa kuliko mwenyewe.

"Hodi humu! Maji ya kunywa kwa mtani!"

Alikuwa Ashiru, Mmakua wa Masasi. Wamakua na Wamakonde wa huko ni watani. Mtani anaweza kukusema mbele za watu, nawe ukikasirika unaonekana huna adabu. Zamani Ashiru alikuwa karani wa ajira katika kiwanda cha korosho. Kiwanda kilipofungwa, akaingia biashara ya mitumba. Alizunguka magulio yote, ya uwandani na ya chini.

Aliingia mlangoni, akajikwaa kwenye sanduku. Kuku akaruka na kelele.

"Lo! Nani anasafiri?"

"Hakuna," alisema Yeremia.

"Nani amefika, basi?"

"Hakuna, Ashiru. Keti."

Ashiru hakuketi. Alimtazama Dorika juu mpaka chini. "Mtani, miezi yote hii nakuona na kanga hii hii. Nguo nyingine ziko wapi? Zimetangulia kituoni?"

Yeremia alicheka, akajizuia. Dorika hakucheka. "Nyie Wamakua hamna haya. Hata maiti mnaweza kumuuzia koti."

"Maiti hapunguzi bei, ndiyo maana tunampenda. Lakini nijibu. Sanduku linasubiri nini?"

"Nasubiri kupangiwa."

Ashiru aliacha kucheka. Alimshusha kuku aliyekuwa amerudi juu ya sanduku, akaketi hapohapo. "Na nani?"

Dorika aliinama, akaokota manyoya ya kuku.

"Sikuulizi kwa utani," alisema Ashiru. "Na nani? Serikali haikukuajiri. Wafadhili wamekwenda kwao. Taja mtu mmoja ambaye sasa hivi anafikiria wapi ampeleke Dorika."

Nje, kuku alilalamika.

"Hata mimi nilisubiri," Ashiru aliendelea. "Kiwanda kilipofungwa nilikwenda kukaa getini. Nilisema, wataniita. Nikakaa pale na mlinzi. Siku moja mlinzi naye akapunguzwa, tukawa wawili tunaosubiri. Hapo ndipo nilipoelewa. Mtani, kupunguzwa si kufukuzwa. Anayefukuzwa ana kosa. Aliyepunguzwa ana kazi mikononi, ila amekosa mahali. Lakini wote wawili wakikaa kimya, kwa watu wanafanana. Umemwambia nani kwamba unatafuta kazi?"

"Aibu, Ashiru."

"Aibu inapika ugali?"

Dorika alivuta kigoda, akaketi.

"Basi sikiliza. Nanganga, kule chini kupita Masasi, kwenye barabara kuu, wazazi na parokia wamejenga shule ya ufundi ya wasichana. Inafunguliwa Januari. Walimu hawajatimia. Mwalimu mkuu anaitwa Isabela. Namjua, nimemuuzia koti."

Dorika aliinua uso. "Wamenipangia huko?"

Ashiru alijipiga kofi kwenye paji la uso. "Nyie Wamakonde! Mtu hakujui, atakupangiaje? Utaomba, mwanamke! Utaandika barua. Na kabla ya barua, nenda kwa mkuu wako wa zamani, akuandikie kwamba ulifundisha kwake na ulifundisha vizuri. Nenda sasa, angali yupo. Wakubwa wa wafadhili huhama kama nzige."

Kesho yake Dorika alikwenda. Mkuu alikuwa kweli anafunga vitabu vyake kwenye makasha. Aliandika kwa furaha. "Nilikuwa nakungoja uje," alisema. "Ulipokawia nilidhani umeshapata." Mwalimu Erasto alikuwa karakana ya jirani, anapiga randa. Alimpungia Dorika mkono. "Pole, mwenzangu," alisema. "Mimi nashukuru, mbao hazina mitumba."

Nyumbani Dorika aliandika barua. Aliandika kwa moyo wote. Alieleza jinsi maji yalivyo mbali, jinsi mwanawe anavyokua, jinsi mama yake wa Kitangari anavyougua miguu, na jinsi alivyokaa miezi bila kazi. Alimaliza kwa kuomba ahurumiwe, kwa jina la Mungu.

Siku ya gulio aliisoma kwa sauti uani. Walikuwapo Yeremia, Ashiru na Bi Mwanne. Bi Mwanne alisikiliza mpaka mwisho, akavuta upindo wa kanga, akapangusa macho.

"Barua nzuri, Mwalimu! Imeniliza. Kumbe yalikuwa haya, nawe unatuambia uko likizo?"

"Umeona?" Dorika alimwambia Ashiru. "Ni nzuri."

"Ndiyo ubaya wake huo," alisema Ashiru. "Imemliza Bi Mwanne. Bi Mwanne ana shule?"

"Nina mbuzi tu," alisema Bi Mwanne.

"Basi. Mtani, mimi nimesoma barua za kuomba kazi miaka na miaka. Zote zilikuwa misiba. Kila mtu ana mgonjwa, kila mtu ana watoto. Nilizisoma, nikahuzunika, nikaziweka kando. Unajua nani aliitwa? Aliyeandika, 'Naweza kufunga mtambo.' Mwalimu mkuu hatafuti mtu wa kumlilia. Anatafuta mtu wa kufundisha. Hapa umesema wapi kwamba unajua kukata?"

Dorika aliipitia barua. Neno kukata halikuwamo. Neno kushona halikuwamo pia. Akaikunja barua.

"Niandike nini, basi?"

"Wewe ni nani. Unafundisha nini. Umefundisha wapi, muda gani. Wanafunzi wako sasa wanafanya nini. Lini unaweza kuanza, na wapi wakupate. Kisha weka kalamu chini. Na uandike 'mtaalamu mashuhuri wa sayansi ya mavazi.' Itapendeza."

"Hiyo sitaandika," alisema Dorika. "Mimi ni mwalimu wa ushonaji."

"Haya, hapo umenishinda. Lakini kuna swali moja watakuuliza, na bora nikuulize mimi mtani wako." Ashiru alivuta koti moja jeusi kutoka kwenye furushi, akaliinua juu. "Nguo hizi zimejaa nchi nzima. Kwa nini shule imlipe mtu kufundisha kushona?"

Dorika alisimama. Yote aliyoyameza tangu mwezi wa sita yalimtoka. "Wewe ndiye wa kuniuliza hivyo? Mitumba yako ndiyo iliyofunga darasa langu! Toka na marobota yako!"

Mtani hakasirikiwi, lakini siku ile alikasirikiwa. Ashiru aliinuka taratibu, akafunga furushi. Lile koti jeusi, lililochanika bitana kwa ndani, aliliacha juu ya sanduku.

"Gulio lijalo napita tena," alisema. "Unijibu."

Kwa siku kadhaa Dorika hakuligusa. Kisha jioni moja hasira ilimrudia. Alichukua wembe, akakaa kizingitini, akaanza kulifumua. Alitaka kuliua. Alifumua bitana. Alifumua mkono mmoja, kisha wa pili.

Hasira ikaanza kumpoa bila yeye kujua. Katika kituo alifundisha magauni, sketi, kaptula na sare za shule. Koti hakuwahi kushona wala kufundishwa. Sasa aliona ndani yake. Aliona kitambaa kigumu kilichofichwa kifuani ili koti lisimame. Aliona jinsi mfuko ulivyokatwa katikati ya kitambaa bila kufumuka. Kuna fundi huko mbali aliyeufanya ujanja huu, na ujanja wake ulikuwa wazi mbele yake, mshono kwa mshono.

"Mama Salome, unasoma nini?" Yeremia aliuliza.

"Koti," alijibu.

Kulirudisha kwa sindano ya mkono ilikuwa kazi nyingine. Alipomaliza alimvalisha Yeremia. Mikono ilitazama nyuma. Alikuwa ameshona wa kushoto kulia na wa kulia kushoto. Salome alicheka mpaka akakaa chini. Yeremia alitembea uani kinyumenyume, akisema sasa koti linakwenda mbele. Dorika naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita. Kisha akafumua tena. Safari hii kabla ya kugusa mshono alitia alama kwa chaki, huu kushoto, huu kulia. Vipande alivilaza juu ya karatasi za mifuko ya saruji, akavichora, akazikata. Akapata kielelezo cha koti zima.

Ashiru alipopita, alimkuta Yeremia amevaa koti jeusi, limemkaa kama alizaliwa nalo.

"Jibu hilo," alisema Dorika. "Kila nguo ya mtumba imeshonewa mtu mwingine. Anayeinunua anahitaji fundi. Na asiyejua kushona anaweza kujifunza kwa kuifumua."

Ashiru alilizunguka koti mara mbili. "Umenishinda, mtani. Sasa nilipe koti langu."

"Akulipe aliyekufukuza," alisema Yeremia, wakacheka wote.

Barua mpya ilikuwa fupi. Ashiru aliipeleka Nanganga mwenyewe. Majibu yalikuja kwa mdomo wake: Mwalimu Isabela anawaona waombaji siku ya wazazi kuandikisha wasichana. Dorika afike.

Alfajiri ya safari lori la mnunuzi wa korosho lilikuwa linapakia. Dorika alianza kulivuta sanduku.

"Unalipeleka wapi?" aliuliza Yeremia. "Unakwenda kuomba au kuhamia?"

Dorika alisimama. Miezi yote hiyo hakuwahi kulifungua, ila kutoa cheti na vifaa. Alimwondoa kuku, akainua kifuniko. Gauni lake la kijani lilikuwa ndani, limekunjwa vizuri, linanuka bati. Alilipiga pasi, akalivaa. Viatu navyo. Sanduku akalisukuma chini ya kitanda. Alichukua mkoba tu, wenye cheti, barua ya mkuu wake, mkasi, chaki, wembe na futi.

Kwenye bomba wanawake walikuwa wamepanga ndoo. "Mwalimu, safari?" waliuliza.

"Nakwenda kuomba kazi," alijibu Dorika, kwa sauti ya kusikika. "Niombeeni."

"Mpisheni!" Bi Mwanne alipiga kelele. "Mpisheni Mwalimu, atachelewa!" Safari hii neno halikumchoma.

Lori liliteremka mteremko mkali, yeye ameketi juu ya magunia, akishikilia mkoba kwa mikono miwili. Masasi aliona milima ya mawe, akabadilisha gari, na mchana akashuka Nanganga. Joto la chini lilimpokea kama mvuke wa chungu.

Shule ilikuwa mpya, kuta hazijapakwa chokaa. Wazazi na mabinti walijaa varandani. Mwalimu Isabela alikuwa mwanamke mtu mzima, wa maneno machache.

"Shikamoo, Mwalimu mkuu."

"Marahaba. Wewe ndiye wa Mkunya. Barua yako niliielewa kwa kusoma mara moja, nashukuru. Lakini niseme ukweli. Yuko kijana ameomba, ana cheti kikubwa kuliko chako. Na wazazi hawa wananisumbua na swali moja. Nijibu mbele yao." Akawageukia wazazi. "Baba Swalehe, uliza lile swali lako."

Mzee mmoja aliyekuwa na binti wawili alisimama. "Nauliza hivi. Mitumba imejaa. Kushona kwa nini? Si bora wafundishwe kupika maandazi?"

Watu wakaguna kukubali. Jibu Dorika alikuwa nalo, lakini maneno matupu yangepita kama upepo. Alitazama huku na huku. Nyuma ya mlango wa ofisi palining'inia koti la kijivu.

"Mwalimu mkuu, koti lile ni la nani?"

"Langu. La safari za Songea. Nililinunua kwa Mmakua mmoja mwenye maneno mengi. Halijanikaa vizuri hata siku moja."

"Naomba ulivae."

Isabela alisita, kisha akalivaa. Mikono ilimfunika vidole. Mabinti wakaficha vicheko.

"Naomba sasa unipe, nilifumue."

Varandani watu walisogea karibu. Isabela alilishika koti kola. "Ukiliharibu?"

"Nikiliharibu, kijana mwenye cheti kikubwa aanze kazi."

Isabela alilivua, akampa.

Dorika aliwaita wasichana wawili, mabinti wa yule mzee. Aliwapa chaki kwanza. "Kabla ya kugusa uzi, tia alama. Huu wa kushoto, huu wa kulia. Mimi siku moja sikutia, mume wangu akatembea kinyumenyume." Watu wakacheka. "Mtu akiona mkono ni mrefu, anachukua mkasi anakata. Koti limekufa. Kwa nini? Tazameni ndani." Wakafumua upindo kwa wembe, polepole. Bitana ikaonekana, imejikunja ndani yake. "Bitana huachwa na nafasi, ili mkono ukikunjwa isivute. Mmeona? Aliyeshona koti hili hatumjui, lakini ametufundisha leo."

Alipima mkono wa Isabela, akakata, akakunja, akawaonyesha wasichana wapi pa kushika. Cherehani ya shule ilikuwa mpya, inakwama. Alitia mafuta, akashona. Mkono wa pili aliwaacha wasichana washone wenyewe, yeye akisimama nyuma yao, mikono mgongoni. Mshono ukaenda upande kidogo. Aliwafumulisha, wakaurudia.

Isabela akavaa. Mikono ya koti ilikomea kwenye vifundo vya mikono yake, sawasawa. Alijitazama, akainua mkono mmoja, akainua wa pili.

Yule mzee aliyeuliza alikuna kidevu. "Mimi nina koti nyumbani," alisema. "Nalivaa likiwa limekunjwa mikono tangu mwaka juzi."

"Lilete," alisema binti yake mmoja. "Tutakushonea, baba."

Isabela alimsindikiza Dorika mpaka barabarani. "Nimekuona," alisema. "Lakini lazima nikae na kamati. Nenda nyumbani, utapata jibu."

Dorika wa mwezi wa sita angesema asante, akaenda kukaa. Dorika huyu aliuliza, "Nije siku gani kuuliza, Mwalimu mkuu?"

Isabela alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Jumatatu ya wiki ijayo."

Jumatatu hiyo Dorika alikuwa Nanganga, na Isabela alimkuta amesimama mlangoni. Kazi alipewa.

Haikuwa rahisi moja kwa moja. Nanganga ni mbali na Mkunya, na mikorosho haihami. Walikaa, wakazungumza, wakakubaliana. Dorika na Salome wangehamia Nanganga. Yeremia angebaki na shamba, akiteremka baada ya msimu, na likizo zote wangekuwa pamoja. Bi Mwanne alichukua kuku wa madoa. Sanduku likatoka chini ya kitanda, likapanda lori, na safari hii lilikuwa linajua linakokwenda.

Mwaka wa kwanza darasa lilijaa. Wasichana walifumua suruali, makoti na magauni, wakajifunza, wakayarudisha. Siku ya gulio watu walitoka kwa Ashiru na nguo zao mkononi, wakaenda moja kwa moja shuleni kupimwa. Ashiru alilalamika kwamba mtani wake anakula jasho lake. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akiwaelekeza njia.

Mwaka uliofuata, jioni moja, mgeni alipiga hodi kwa Dorika. Alikuwa Mwalimu Erasto, yule wa useremala. Alikuwa amekonda.

"Wamefunga na useremala," alisema. "Nimekuja kukusalimu tu, natoka Masasi. Nilikwenda kuulizia."

"Kuulizia nini?"

"Si unajua, mwenzangu. Nasubiri kupangiwa."

Dorika hakucheka. Alimwekea kiti na maji ya kunywa. Mwalimu Isabela alikuwa akihitaji madawati, na fundi wa kuwafundisha wasichana kuyatengeneza. Lakini hilo Dorika hakulisema kwanza.

"Erasto," alisema, "sanduku lako liko wapi?"

"Nyumbani. Nimelifunga, liko mlangoni."

"Rudi ukalifungue. Utoe shati zuri. Kisha uje nikuonyeshe jinsi ya kuomba."